Damu ya Aliyepona: Lini Inaponya, Lini Haiponyi?



Mgonjwa anapoingizwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, ndugu zake hubaki nje ya mlango wakiuliza swali moja: tufanye nini zaidi? Wakati wa Ebola huko Kongo na Afrika Magharibi, na baadaye wakati wa janga la UVIKO-19, lilisikika jibu ambalo kila mtu alilielewa mara moja. Tafuteni mtu aliyeugua ugonjwa huo akapona, atolewe damu, apewe mgonjwa.

Wazo hili si uganga wala uzushi. Lina umri wa zaidi ya miaka 130, na aliyelianzisha alipewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, majaribio makubwa ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba wagonjwa wengi waliopewa tiba hii hawakunufaika nayo, na wachache walinufaika sana. Tofauti kati ya makundi haya mawili inatokana na mambo matatu: kufaa, kipimo na wakati.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya kamati za parokia hapa Rasbura na sehemu nyingine za mwambao wa Lindi na Kilwa, na kwa ajili ya wafadhili wanaotusaidia. Mwisho wake kuna uamuzi unaotuhusu sote: fedha na nguvu kidogo tulizo nazo tuziweke wapi ili mgonjwa apone?

KINGAMWILI NI NINI?

Kirusi kinapoingia mwilini, mwili hutengeneza protini ndogo sana zinazoelea katika damu na kukinasa. Protini hizo huitwa kingamwili. Kila aina ya kingamwili hufaa adui mmoja tu, kama ufunguo unavyofaa kitasa kimoja. Kingamwili za surua hazizuii pepopunda, wala za homa ya ini hazizuii Ebola.

Kazi ya kutengeneza kingamwili huchukua siku kadhaa, mara nyingi wiki moja hadi mbili. Katika siku hizo adui anaendelea kuzaliana, na hapo ndipo hatari ilipo. Mgonjwa akivuka kipindi hicho na kupona, kingamwili hubaki katika damu yake kwa miezi au miaka.

Damu ina chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu, na zote huelea katika majimaji ya rangi ya manjano yanayoitwa plazma. Kingamwili zimo katika plazma. Kwa hiyo mtu aliyepona anaweza kutoa damu, plazma ikatenganishwa, na mgonjwa akapewa kingamwili zilizokwisha tengenezwa badala ya kungoja mwili wake utengeneze zake.

Akina mama wengi wanalifahamu jambo hili bila kulijua kwa jina. Mama mjamzito anapochomwa chanjo ya pepopunda kliniki, mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo humfikia mtoto tumboni. Mtoto huzaliwa akiwa na ulinzi ambao hakuutengeneza mwenyewe. Vivyo hivyo mtu aliyeng'atwa vibaya na mbwa mwenye kichaa hutakiwa kupata vitu viwili: chanjo, inayoufundisha mwili kutengeneza kingamwili zake, na sindano ya kingamwili zilizo tayari, inayochomwa kwenye kidonda ili imlinde wakati chanjo haijaanza kufanya kazi. Dawa ya sumu ya nyoka nayo ni kingamwili, zilizotolewa katika damu ya wanyama kama farasi.

Zingatieni kwamba katika mifano yote hii kingamwili hutolewa mapema. Mtoto hupata kabla hajazaliwa. Aliyeng'atwa na mbwa anatakiwa apate siku ya kwanza, maana dalili za kichaa zikishaanza sindano hiyo haisaidii tena.

WAZO LILIANZIA WAPI?

Mwaka 1890 Emil von Behring wa Ujerumani na Shibasaburo Kitasato wa Japani walionyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyepata kinga yaliweza kumlinda mnyama mwingine. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana tiba ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wengi sana. Behring alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1901.

Ushahidi mzuri kwa binadamu ulipatikana Argentina. Huko kuna homa ya virusi inayosababisha kutokwa na damu, na huwapata zaidi watu wa mashambani. Mwaka 1979 madaktari walitangaza matokeo ya wagonjwa 188. Kati ya waliopewa plazma ya kawaida walifariki asilimia 16.5. Kati ya waliopewa plazma ya watu waliopona ugonjwa huo walifariki asilimia 1.1 tu. Wagonjwa hao wote walikuwa wametibiwa ndani ya siku 8 tangu ugonjwa uanze.

KIKWIT, 1995

Mwaka 1995 Ebola ilizuka katika mji wa Kikwit, Kongo, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo. Waliougua walikuwa 315, na takriban wanane kati ya kila kumi walifariki. Hapakuwa na dawa. Madaktari na wauguzi wa Kikongo waliamua kuwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Katika hao 8 alifariki mmoja tu.

Habari hiyo ilienea duniani kote, na si vigumu kuelewa kwa nini. Lakini wataalamu walitoa tahadhari ambayo sisi pia tunapaswa kuisikia. Wagonjwa hao walipewa damu karibu na mwisho wa mlipuko, wakati huduma zilikuwa zimeboreka, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuugua siku nyingi, maana yake walikuwa tayari wamevuka kipindi kibaya zaidi. Je, walipona kwa sababu ya damu, au kwa sababu ya maji ya mshipani na uangalizi mzuri, au wangepona hata hivyo? Bila kundi la kulinganisha hakuna anayeweza kujua.

Ndiyo maana Ebola ilipoingia Afrika Magharibi, utafiti ulifanyika Conakry, Guinea, mwaka 2015. Wagonjwa 84 waliopewa plazma ya waliopona walilinganishwa na wagonjwa 418 waliotibiwa kabla yao bila plazma. Walifariki asilimia 31 ya waliopewa na asilimia 38 ya wasiopewa. Watafiti walipozingatia umri na wingi wa virusi, tofauti ilipungua mno hata isiweze kuhesabiwa kuwa ni faida. Jambo moja lilikosekana: kiasi cha kingamwili katika plazma hakikupimwa kabla ya kuwapa wagonjwa. Dawa ilitolewa bila kujua kama ni nzito au ni nyepesi.

KIPIMO: TUI ZITO NA TUI JEPESI

Hapa pwani kila mpishi anajua kwamba si kila tui ni tui. Tui la kwanza ni zito. Ukiliongeza maji kikombe baada ya kikombe bado linabaki jeupe na lina ladha. Tui la mwisho ni jepesi; ukiliongeza maji kidogo tu, limekuwa maji matupu.

Maabara hupima plazma kwa njia inayofanana na hiyo. Plazma huongezwa majimaji hatua kwa hatua, kisha huchanganywa na virusi ili kuona kama bado inaweza kuvizuia. Plazma inayozuia virusi hata ikiwa imezimuliwa mara 320 ni nzito. Inayoshindwa baada ya kuzimuliwa mara 20 au 40 ni nyepesi. Watu wawili waliougua ugonjwa mmoja, wakapona wiki moja, wanaweza kuwa na plazma zinazotofautiana kabisa. Aidha, kiasi hupungua kadiri miezi inavyopita.

Wakati wa UVIKO-19 jambo hili lilichunguzwa huko Marekani katika wagonjwa 3,082 waliolazwa na kupewa plazma. Baada ya siku 30 hali ilikuwa hivi:

- Waliopewa plazma yenye kingamwili nyingi: walifariki asilimia 22.3.
- Waliopewa yenye kiasi cha kati: walifariki asilimia 27.4.
- Waliopewa yenye kingamwili chache: walifariki asilimia 29.6.

Ngazi hii inaonekana wazi. Lakini kulikuwa na sharti: nafuu hiyo ilionekana kwa wale ambao walikuwa hawajawekwa kwenye mashine ya kusaidia kupumua. Kwa waliokuwa tayari kwenye mashine, haikuonekana.

WAKATI: MOTO WA PEMBENI NA PAA LILILOANGUKA

Nchini Argentina, watafiti waliwachukua wazee 160 waliokuwa na UVIKO-19 ambao hali zao zilikuwa bado nyepesi. Nusu walipewa plazma yenye kingamwili nyingi ndani ya saa 72 tangu dalili zianze, na nusu walipewa maji ya chumvi. Katika waliopewa plazma asilimia 16 walifikia ugonjwa mkali wa mapafu. Katika wengine walikuwa asilimia 31. Kwa maneno mengine, ugonjwa mkali ulipungua karibu nusu.

Kisha angalieni yaliyotokea kwa wagonjwa waliochelewa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY uliwagawa kwa kura wagonjwa 11,558 waliolazwa hospitali. Waliopewa plazma walifariki asilimia 24 katika siku 28, na wasiopewa walifariki asilimia 24 vilevile. Hapakuwa na faida yoyote. Utafiti mwingine wa kimataifa, REMAP-CAP, uliangalia wagonjwa wa wodi za mahututi takriban 2,000. Waliopewa plazma walifariki hospitalini asilimia 37.3, na wasiopewa asilimia 38.4. Hiyo nayo si tofauti ya kutegemewa.

Afrika Mashariki haikukaa pembeni. Mwaka 2020 madaktari wa Uganda waliendesha jaribio lao wenyewe katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa wagonjwa 136. Waliopewa plazma hawakuondokewa na virusi mapema kuliko wenzao. Tunawashukuru ndugu zetu wa Kampala kwa sababu walipima kwanza badala ya kufuata mkumbo, na walitangaza matokeo ingawa hayakuwa yale ambayo watu walitamani kuyasikia. Desemba 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba plazma isitolewe kwa wagonjwa wa UVIKO-19 wenye hali nyepesi, na kwa walio mahututi itolewe katika utafiti tu.

Kwa nini wakati una nguvu kiasi hiki? Fikirieni nyumba ya makuti. Moto ukiwa pembeni ya paa, ndoo mbili za maji zinatosha kuuzima. Paa likishaanguka, hata mkileta pipa zima, maji hayarudishi nyumba. Mgonjwa wa UVIKO-19 anayefika wodi ya mahututi mara nyingi ameugua kwa siku 10 au zaidi. Kufikia hapo mwili wake umekwisha kutengeneza kingamwili zake mwenyewe, na kinachomuumiza zaidi si virusi bali ni uvimbe na ghadhabu ya mwili wenyewe ndani ya mapafu. Kumwongezea kingamwili ni kumpa kitu ambacho tayari anacho.

Jambo hili lilithibitishwa na watafiti walewale wa RECOVERY walipojaribu kingamwili za kiwandani, zilizotengenezwa kwa wingi na kwa kipimo kinachojulikana. Safari hii walipima kwanza damu ya kila mgonjwa. Kwa wale waliokuwa bado hawana kingamwili zao, vifo vilipungua kutoka asilimia 30 hadi asilimia 24. Kwa waliokuwa nazo tayari, hapakuwa na faida. Baadaye virusi vilipobadilika, kingamwili hizohizo hazikufaa tena. Kitasa kilikuwa kimebadilishwa na ufunguo ukabaki uleule.

HABARI YA UBELGIJI: WALIO MAHUTUTI WALIONUFAIKA

Je, basi mgonjwa akishafika wodi ya mahututi kila kitu kimekwisha? Hapana. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Ubelgiji ambao ulifanya mambo mawili kwa uangalifu. Kwanza, ulitumia plazma nzito tu, yenye kipimo cha 1 kwa 320 au zaidi. Plazma ilipoadimika ndipo walipokubali 1 kwa 160. Pili, ulichukua wagonjwa wa UVIKO-19 ambao hawajakaa siku nyingi tangu kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia.

Wagonjwa walikuwa 475, hali zao zote mbaya sana. Kati ya 237 waliopewa plazma walifariki asilimia 35.4 ndani ya siku 28. Kati ya 238 wasiopewa walifariki asilimia 45. Hiyo ni kama watu 10 waliookolewa katika kila 100. Na sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa kwa wale waliopewa ndani ya saa 48 tangu kuwekwa kwenye mashine: walifariki asilimia 32.7, wakati wenzao wa namna hiyo wasiopewa walifariki asilimia 46.8.

Tukiweka habari zote hizi pamoja, tunapata mafundisho matatu. Kingamwili ziwe za ugonjwa huohuo na za kirusi hichohicho. Ziwe nyingi, na wingi huo upimwe, usikisiwe. Zitolewe mapema, na hata kwa mgonjwa mahututi bado kuna mapema na kuchelewa, tofauti ikiwa ni siku mbili tu.

KUTOKA DAMU YA MTU MMOJA HADI DAWA YA WENGI

Habari ya Kikwit haikuishia mwaka 1995. Miaka 11 baadaye mtu mmoja aliyepona Ebola katika mlipuko ule alitoa damu yake kwa ajili ya utafiti, na ikakutwa bado ina kinga. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa, ambaye amepambana na Ebola tangu ilipojulikana mwaka 1976, alishirikiana na watafiti wa Marekani. Wakachagua kingamwili moja yenye nguvu kutoka katika damu hiyo na kujifunza kuitengeneza kwa wingi. Iliitwa mAb114.

Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini na Ituri mwaka 2018, sehemu ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na kanisani, dawa hiyo ilijaribiwa katika vituo vya matibabu vya eneo hilo, vikiwemo vya Beni na Butembo, pamoja na dawa nyingine tatu. Wagonjwa 681 walishiriki, huku vita vikiendelea na vituo vikishambuliwa. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limepatikana. Waliopewa mAb114 walifariki asilimia 35.1, na waliopewa mchanganyiko mwingine wa kingamwili uitwao REGN-EB3 walifariki asilimia 33.5. Waliopewa mchanganyiko wa zamani, ZMapp, ambao nao ni kingamwili, walifariki asilimia 49.7, na waliopewa remdesivir asilimia 53.1. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri zitumike zile dawa mbili za kwanza kwa Ebola ya aina hiyo.

Lakini katika utafiti huohuo kuna namba nyingine ambayo tungependa kila kamati iikumbuke. Wagonjwa waliofika kituoni ndani ya siku 1 tangu dalili zianze walifariki asilimia 19. Waliofika baada ya kuugua siku 5 walifariki asilimia 47. Hakuna dawa mpya iliyoleta tofauti kubwa kama hiyo. Tofauti hiyo ilitokana na siku nne za kukaa nyumbani.

MAMBO HAYA YANATUHUSU NINI SISI WA LINDI?

Msomaji anaweza kusema, hizi ni habari za Ubelgiji na Kongo, hapa kwetu hazipo. Tunaomba tuzitazame kwa karibu.

Kwanza, ugonjwa lazima ujulikane. Julai 2022 watu wa wilaya ya Ruangwa, mkoani kwetu, walipata homa iliyoambatana na kutokwa na damu puani. Watu wengi waliingiwa na hofu wakidhani ni Ebola. Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa 20 na vifo 3, na maabara ikabaini kuwa ni homa ya mgunda, inayosababishwa na bakteria wanaotoka katika mkojo wa wanyama. Ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa za kawaida za kuua bakteria, hasa ukiwahiwa. Ingekuwa kosa kubwa kutafuta damu ya waliopona wakati tiba ilikuwa kabatini. Pia si kila ugonjwa una kingamwili zilizo tayari. Ugonjwa wa Marburg uliozuka Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025 hauna dawa ya kingamwili iliyoidhinishwa. Kinachookoa huko ni kuwahi, maji ya mshipani na uangalizi mzuri.

Pili, dawa ya bei nafuu iliyotolewa kwa wakati inaweza kuzidi tiba ya gharama. Wakati wa UVIKO-19 dawa ya zamani ya deksamethasoni ilipunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Inafanya kazi kwa kutuliza ule uvimbe wa mapafu tulioutaja, yaani inafaa wakati ambapo kingamwili zimechelewa. Nayo haihitaji jokofu wala maabara ya kupima uzito wa plazma.

Tatu, barabara ni sehemu ya tiba. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, magari yakakwama. Tukikumbuka saa 48 za Ubelgiji na siku nne za Kongo, tutaona kwamba kijiji kisicho na mpango wa usafiri wa mgonjwa kimeshapoteza sehemu ya tiba kabla daktari hajamwona.

Nne, huwezi kuwa na plazma ya waliopona kama huna damu salama. Mtu hutolewa damu hospitalini, ikapimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende, ikahifadhiwa katika baridi na kulinganishwa na kundi la mgonjwa. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lililazimika kutahadharisha kuhusu biashara ya siri ya damu ya waliopona Ebola huko Afrika Magharibi. Familia zilizokata tamaa zingeweza kununua mauti. Damu haiuzwi wala hainunuliwi, na yeyote anayewataka ndugu wa mgonjwa wanunue damu mitaani anawadanganya.

USHAURI KWA KAMATI ZA PAROKIA

Kutokana na haya, tunapendekeza kamati zizingatie yafuatayo:

1. Mfuko wa dharura wa usafiri. Kila kigango kijue ni gari, bajaji au boti ya nani itakayombeba mgonjwa usiku, na mafuta yatalipwa na nani. Usisubiri ugonjwa ufike ndipo mkutano uitishwe.

2. Orodha ya wachangia damu. Mtu mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kuchangia; mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Kamati iandae siku ya uchangiaji kwa kushirikiana na hospitali ya mkoa au Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha Kanda ya Kusini kipo Mtwara. Damu hiyo itamfaa mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua na mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria, leo hii, bila kungoja janga.

3. Chanjo. Chanjo humfanya mtu awe na kingamwili zake kabla adui hajafika. Hakuna plazma iliyo mapema kuliko hiyo.

4. Elimu ya dalili za hatari. Homa isiyoshuka, kupumua kwa shida, kutokwa na damu, kushindwa kunywa, mtoto kulegea: hizi si dalili za kungoja hadi kesho.

5. Kuwaheshimu waliopona. Huko Kivu watu waliopona Ebola walirudi vituoni kuwalea watoto ambao wazazi wao walikuwa wagonjwa, kwa sababu miili yao ilikuwa na kinga. Aliyepona asitengwe na jirani zake. Ni mtu mwenye hazina.

NENO KWA WAFADHILI

Ndugu zetu wafadhili, mara nyingine tunaulizwa kwa nini hatuombi mashine kubwa za wodi ya mahututi, bali tunaomba mafuta ya gari, mitungi ya oksijeni na majokofu ya damu. Tunatumaini makala hii imejibu. Tiba bora ya kingamwili duniani haikumsaidia mgonjwa aliyefika kwa kuchelewa, na mgonjwa aliyefika mapema aliweza kupona hata kwa dawa za kawaida. Mashine zina kazi yake, na hospitali zinazihitaji. Lakini mashine humngoja mgonjwa mwishoni mwa safari. Msaada wenu unapofupisha safari hiyo, unaipa kila tiba nyingine nafasi ya kufanya kazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

- Mtu akiugua ghafla kigangoni kwetu saa nane usiku, atafika hospitali saa ngapi? Ni kitu gani kinachomchelewesha zaidi: fedha, usafiri, au uamuzi wa familia?
- Ni waumini wangapi kati yetu wamechangia damu mwaka huu? Wanaoogopa wanaogopa nini?
- Tukisikia tiba mpya inasifiwa, tutamuuliza nani, na tutauliza maswali gani kabla ya kuiamini?
- Je, kuna mtu aliyepona ugonjwa wa kutisha katika jamii yetu? Tulimpokeaje aliporudi nyumbani?

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Madaktari wa Kikwit, Kampala na Ubelgiji wametuonyesha, kwa namba, kwamba walisema kweli. Jadilini makala hii katika kikao chenu kijacho, na mpango wa usafiri uandikwe kabla hamjatawanyika.